Isipolia, Laleni

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, isipokuwa mpwa wako aliyeng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni. Shemeji yako kikohozi kimempungua. Natumaini goti la Mama limepoa na kuku wake wanataga. Mpe shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana ukiendelea utasahau.

Barua hii nampa Breki, dereva wa lori la saruji, kwa sababu wewe ndiye fundi simu pekee ninayemjua asiye na simu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini wewe umezidi. Dada mzima nakaa kusubiri lori lishuke bondeni ndipo nijue wewe umeamkaje, maana nikimpigia Mama hutaki kuishika simu.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha mezani. Breki ananiambia kwamba tangu tufanye lile jaribio la mlio wa tahadhari mwezi uliopita, kibandani kwako kuna foleni mpaka kwa muuza mkaa. Anasema watu wanakuletea simu uwatolee mlio, nawe unawatolea, tena bure, na juu ya kuwatolea unawahubiria. Nilimwuliza unahubiri nini. Akacheka, akasema, "Dada, mengine siwezi kuyasema mbele ya mtu anayekula mshahara wa serikali."

Unajua kazi yangu, au umeisahau makusudi? Watu wa bwawani wakipiga kwamba milango inafunguliwa, mimi ndiye ninayeandika yale maneno na kubonyeza, na simu zote za bondeni zinalia kwa mpigo. Hakuna jini ndani yake wala setilaiti inayokuchungulia. Ni dada yako, na kikombe cha chai pembeni.

Lile bwawa ni kuukuu. Lilijengwa Mama akiwa msichana, na malango yake yamepakwa rangi mara nyingi kuliko yalivyotengenezwa. Mvua zikishika na lango likifunguka, maji yatakufikia hujamaliza kukaza skrubu za simu moja. Watu wa mtaani wafanyie unavyotaka, siku hiyo watakulilia wewe. Lakini simu ya Mama usiiguse. Narudia kwa hasira ili uelewe: usiiguse.

Dada yako


19 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linakaa sawa. Kuku wawili wameacha kutaga, na mshonaji, jirani yetu, anasema ni ule mlio wenu uliowashtua mayai yakarudi ndani. Usinikasirikie mimi, ni maneno ya mshonaji, yule yule aliyekushonea gauni ulilovaa siku ya kuhitimu. Anakusalimu.

Kwanza nikwambie watu wanasema nini, ili usinisingizie yote. Muuza mkaa anasema mlio unahesabu waliomo ndani ya nyumba ili serikali ijue itoze kodi kiasi gani. Kinyozi anasema unafungua kamera na kukupiga picha ukiwa umelala. Yupo mwalimu mmoja, mtu aliyesoma, anasema mlio unakausha uzazi. Aliniletea simu yake, ya mkewe, na ya mama mkwe wake ambaye wajukuu zake wamekwisha kuoa. Nikamwuliza, mama mkwe naye anahofia nini? Akanijibu, "Tahadhari kabla ya hatari."

Mimi hayo siyaamini. Nimefungua simu nyingi kuliko wao wote na najua kilichomo: vumbi, kutu na jasho la watu. Ninalowahubiria ni moja tu, na wewe unalijua, na katika barua yako nzima umelikwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi.

Ule ujumbe wa uwanjani. Uliingia kwenye simu zetu zote siku moja, wa serikali, umeandikwa vizuri kabisa. Wakazi wote wafike uwanjani kuhakikiwa, waje na vitambulisho. Tukaenda. Baba alivaa koti lake. Tulikaa juani mpaka vichwa vikatuuma, hakuna aliyetuhakiki, na tuliporudi matingatinga yalikuwa yamemaliza mtaa wetu yameingia wa pili. Wewe ulikuwa chuoni, ulikuta kifusi kimetulia. Mimi nilikikuta bado kinatoa vumbi, nikachimba kwa mikono nikitafuta dawa za Baba. Ndivyo tulivyofika bondeni, Dada. Hatukuja hapa kwa kuupenda mto. Na Baba hakumaliza mwaka.

Leo wale wale wananiambia: simu ikilia, tokeni majumbani mwenu, pandeni mlimani. Tuziache nyumba tena? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikuona ung'ongo, niliona nyoka mwenyewe.

Basi nijibu hili. Ule ujumbe aliuandika nani? Ulitoka ofisi gani?

Simu ya Mama sijaigusa. Nilitaka, sikufichi. Aliniambia, "Mwanangu ndiye anayepiga, halafu nizime nisimsikie? Una akili wewe?" Akaitia kifuani, na tangu siku hiyo analala nayo.

Mdogo wako


5 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Huku tunaendelea. Mpwa wako jino jipya limechungulia, sasa anacheka hadi anakera. Mwambie mshonaji maneno yake ya kuku yamenifika, na akija mjini nitamlisha mayai ya dukani aone kama nayo yalishtuka.

Ofisini hakukaliki. Tangu jaribio lile redio zote zinatutukana. Mheshimiwa mmoja alisimama bungeni akasema mlio wetu ulimfanya mkewe aanguke bafuni. Mkurugenzi wetu aliitwa kwa wakubwa, akarudi jasho linamtiririka shingoni, akatutangazia kwamba kuanzia sasa hakuna mlio utakaotoka bila yeye kusema ndiyo. Hata neno la siri la mtambo kalichukua yeye. Nikamwuliza, je, siku usipopatikana? Akasema, "Mimi napatikana siku zote." Lakini hayo ni ya ofisini, tuyaache hapo.

Wewe sasa. Kuhusu mambo ya uwanjani, yale ni ya zamani, mimi sikuwepo, na tusichanganye mambo. Kinachonichoma moyo ni kwamba mimi nakaa hapa nikitazama mvua kwenye kioo cha mtambo ili mama yangu asife maji, na anayenivuta nguo kwa nyuma ni mtoto wa mama huyo huyo. Adui wa nje ningemwelewa. Wewe nilikubeba mgongoni, nikakufunga kamba za viatu, leo unawaambia watu wasinisikilize.

Msomee Mama mstari huu, na umsomee kama nilivyouandika, usiweke utani wako: Mama, ikilia, ondoka hapo hapo, usitafute hata kilemba. Isipolia, laleni. Mimi niko macho kwa ajili yenu.

Dada yako


23 Machi

Dada, shikamoo.

Mvua zimeanza. Paa linavuja upande wa jikoni tu, nimeweka beseni. Mama ni mzima kuliko mimi, na utaona kwa nini nasema hivyo.

"Tusichanganye mambo." Hayo ndiyo majibu? Mtu anakuuliza nani alimtoa baba yako nyumbani kwake kwa hila, unamwambia asichanganye mambo. Kweli mshahara mtamu. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya boksi la betri mbovu, nikaapa sikuandikii tena. Kama si Mama kutaka asomewe, ingekuwa pale mpaka leo.

Alisomewa. Ulitaka nisiweke utani, sikuweka. Kesho yake akaja kibandani kwa miguu yake, nimeshika simu ya mteja nusu imefunguliwa. Akaninyang'anya bisibisi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akawatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba asiyetaka kuokolewa na binti yake akatafute fundi mwingine wa kumzimia, na huyo fundi akimpata atamchapa pia. Watu walicheka mpaka muuza mkaa akaja kuuliza kuna nini. Sasa mtaa mzima unamwita Mama King'ora, na jina analipenda, anaitika hata akiwa chooni. Nimeacha kuzima. Sikuacha kwa kukuamini wewe, niliacha kwa kumwogopa yeye.

Lakini kuna jambo silipendi. Tangu tuhamie hapa, mvua zikishika watu wanakwenda kutazama lile bati lililopigiliwa kwenye nguzo ya daraja. Maji yakilifunika, kila mtu anafunga mzigo wake bila kungoja kuambiwa. Mama ndiye alikuwa wa kwanza kwenda na wa kwanza kurudi akipiga kelele. Mwaka huu haendi. Nikimwambia twende tukatazame bati, ananijibu, "Isipolia, laleni." Mshonaji naye keshaunasa mstari huo, anauimba huku anakanyaga cherehani yake.

Uliuandika wewe. Ninaomba uwe na uhakika nao, maana hapa umekuwa sala.

Swali langu liko pale pale.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba ya barua ile, na salamu kwa Mama, kwa mshonaji, kwa wote. Sisi wazima wa mwili. Shemeji yako anauliza mbona siku hizi nakula nimenyamaza.

Nimekujia na jibu. Nilimwuliza karani wetu wa zamani, mama mmoja anayestaafu mwezi ujao. Nilidhani atanificha. Aliniangalia kwa mshangao akasema, "Kumbe hujui? Uliandikwa hapo hapo ulipokaa." Ule ujumbe ulitoka kwenye chumba hiki, Mdogo wangu. Na aliyeuandika alikuwa kijana mwenye haraka ya kupanda, ndiye mkurugenzi wangu leo. Karani anasema alipandishwa cheo kwa kazi ile. Walimsifu kwamba watu walitoka wote, hakuna hata mmoja aliyebaki ndani kuleta vurugu.

Nilijaribu kukukasirikia tena nikashindwa. Hasira imehamia upande mwingine, na huko ina kazi nyingi. Kila asubuhi namwona anapita na kikapu chake cha matunda akitusalimia mmoja mmoja, nami namwitikia.

Sikiliza sasa, hili ndilo kubwa. Wiki iliyopita watu wa bwawani walipiga kwamba wanafungua lango moja dogo. Niliandika ujumbe, nikamwomba mkurugenzi neno la siri. Akasema tusubiri, hataki kelele tena. Maji hayakupanda, bahati yenu, naye akanicheka, "Unaona? Wewe una moyo mwepesi." Nikaelewa kwamba hata siku maji yakiwa makubwa atasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo ule mstari wangu ufute. Nimekosea kuuandika. Mwambie Mama asingoje mlio. Nendeni mkatazame bati kila siku mvua zikiwepo, na mkiliona limefunikwa kimbieni, ilie isilie.

Nilitaka kumpigia Mama nimwambie kwa mdomo wangu. Nilishika simu nikaiweka chini. Siku hizi tunasikilizwa, sisi wa kitengo hiki, tangu mambo yetu yavuje redioni. Mwenzangu amehamishwa kwa maneno aliyomwambia mkewe kwenye simu yake mwenyewe. Basi nampa Breki barua hii, anasema anashuka kesho. Cheka, una haki. Nimekuwa kama wewe.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Leo shikamoo siitoi. Nikiitoa nitakuwa nakudanganya.

Barua yako ya tarehe kumi imefika juzi. Barabara ilikatika, Breki akakwama ng'ambo na mzigo wake mpaka saruji ikaganda mifukoni. Aliponikabidhi nilikuwa nimesimama mahali kibanda kilipokuwa. Niliisoma nimesimama, hapakuwa na pa kukaa.

Umesikia ya redioni. Sasa usikie ya hapa.

Maji yalikuja asubuhi, mvua imekwisha, jua limeshatoka na watu wameanika nguo. Nilikwenda peke yangu kutazama bati. Sikuliona. Nikarudi mbio nikipiga kelele mlango kwa mlango. Muuza mkaa akatoka. Kinyozi akatoka. Mwalimu akatoka na mama mkwe wake mgongoni. Wote niliowazimia mlio walitoka, Dada, kwa sababu hawakuwa na kitu cha kusubiri.

Mama alikuwa amekaa kitandani, simu mapajani. "Haijalia," akaniambia. Nikamwambia, Mama, maji yako kwenye kona. Akasema, "Dada yako yuko macho. Ingekuwa hatari angepiga." Mshonaji akachungulia mlangoni, kashika ufunguo wa nyumba yake, akauliza, "Mama King'ora, tunatoka?" Mama akamwambia, "Bado." Mshonaji akarudi kwake.

Nilimbeba kwa nguvu. Alinipiga ngumi mgongoni njia nzima, ananiita mtoto asiye na adabu. Maji yalinifika kiunoni, yakanifika kifuani, beseni letu likanipita. Tulikuwa tumeshika ukuta wa shule ndipo ikalia. Ilikuwa kifuani kwake, karibu kabisa na sikio langu. Unajua alisemaje? "Umesikia? Si nilikwambia hawezi kutusahau?" Alikuwa anacheka, Dada. Maji yako shingoni kwangu na mama yako anacheka kwa furaha.

Mshonaji tulimtoa kesho yake. Alikuwa amerudi kupandisha cherehani juu ya meza.

Mama hali. Watoto wa mshonaji wakipita anageukia turubai la hema. Ukimwuliza chochote jibu lake ni moja, "Binti yangu hakujua. Angejua angepiga." Anawaambia majirani, anawaambia wanaoleta pole, juzi kamwambia mume wa mshonaji uso kwa uso. Yule mwanaume aliinuka akaondoka bila kuaga.

Na huyo mkurugenzi wako anasema redioni tahadhari ilitumwa siku ile ile, ila watu wa bondeni hawakuisikia kwa sababu ya wapotoshaji waliozima simu zao. Ilitumwa siku ile ile, kweli. Haulizwi saa ngapi. Jana polisi walikuja hapa tulipohifadhiwa, wakaniuliza kama mimi ndiye fundi anayezima. Nimeambiwa nijieleze kituoni kabla ya tarehe ishirini. Mtaa mzima unajua sijazima hata moja tangu Machi, lakini nani anauliza mtaa?

Umenijibu la Baba, nashukuru, limechelewa lakini limefika. Lakini onyo la kuokoa roho za watu umelipa lori la saruji! Ungepiga. Ungemwambia Mama kwa simu, wakusikilize wanaotaka kusikiliza, wakufukuze wanaotaka kufukuza. Mimi mjinga naogopa simu kwa sababu ya yaliyonipata. Wewe uliogopa nini kilicho kikubwa kuliko hiki?

Sitaki unitetee kwa polisi. Nataka jibu moja, na ukinikwepa safari hii basi tusiandikiane tena mpaka tuzikane. Siku ile ulijua saa ngapi?

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nimezitafuta sikuzipata. Nakujibu.

Nilijua alfajiri.

Watu wa bwawani walipiga nikiwa ndiyo nimepokea zamu. Wakaniambia: Lango moja limegoma kufunguka, maji yanapita juu, wanafungua mengine yote bwawa lisipasuke. Niliandika ujumbe wenu. Ulikuwa tayari kwenye kioo, umebaki neno la siri tu. Nikampigia mkurugenzi. Alipatikana, kweli anapatikana siku zote. Akasema, "Safari ile tulitukanwa nchi nzima. Thibitisha kwanza." Nikathibitisha. Akasema thibitisha kwa maandishi. Maandishi yakaja. Akasema anakuja ofisini ayaone kwa macho yake. Jua likatoka. Nilimpigia kelele, nikamwambia mama yangu yuko kule bondeni. Akanijibu taratibu kabisa, "Ndiyo maana wewe huwezi kuamua. Una maslahi."

Alituma baada ya watu wa darajani kupiga kwamba maji yameshapita. Alitia neno la siri mbele yangu, akaangalia saa yake, akasema, "Haya, imetumwa. Isije ikasemwa hatukutuma."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Simu yangu ilikuwa pale mezani muda wote huo na namba ya Mama iko ya kwanza. Niliiangalia. Niliogopa kazi, niliogopa wanaosikiliza, na nikajidanganya kwamba ruhusa inakuja sasa hivi, tena sasa hivi. Umeniuliza niliogopa nini kilicho kikubwa kuliko hiki. Hakipo. Nimekitafuta moyoni, kila mahali, hakipo. Niliogopa kitu kidogo, na mshonaji amekufa.

Haya niliyokuandikia nilikwisha kuyaandika juzi na kutia sahihi. Nakala moja nimepeleka polisi, waone wewe ulizima nini na mkurugenzi alizima nini. Nyingine nimepeleka redioni, wameisoma jana saa ya taarifa. Leo asubuhi walinzi wamenitoa ofisini wamenishika mkono, mimi niliyewapikia chai zamu zote za mvua. Mkurugenzi alisimama dirishani kwake, ghorofa ya nne, akitazama. Nilimtukana matusi ambayo Mama hajui kwamba nayajua. Sikupata nafuu.

Nakuachia kazi mbaya. Msomee Mama barua hii. Usimwache aendelee kunitetea mbele ya mume wa mshonaji, hiyo siwezi kuibeba. Msomee yote, na pale nilipoandika kwamba nilijua, usipunguze sauti.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Nimemsomea jana, maana ya redioni alisema ni ya kukusingizia. Nilitaka tukae ndani wawili, akakataa. Alituma aitwe mume wa mshonaji na watoto wake, wakaja, wakakaa kwenye mkeka wetu. Majirani nao wakasogea, si unajua mahema yenyewe yamebanana. Sikuruka neno wala sikupunguza sauti.

Mama hakulia. Nilipomaliza alifunga na kufungua ncha ya kanga yake. Kisha akaniambia nirudie pale mkurugenzi anaposema una maslahi. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, huku anamtazama mume wa mshonaji.

Polisi hawajanirudia. Nimesikia wameisoma ya kwako na wanaulizana wao kwa wao.

Nilimwuliza Mama nikujibu nini. Akasema, "Huyo nimemzaa mimi. Nitamalizana naye mwenyewe, na hatanisahau. Huyo mwingine ofisi yake iko wapi?"

Nikamwambia iko mjini, ghorofa ya nne. Akamwita Breki, akamwuliza kama lori lake linachukua watu. Breki akasema saruji imeshaganda na kutupwa, lori ni tupu. Mume wa mshonaji akasema yeye anakwenda. Watoto wakasema wanakwenda na baba yao. Muuza mkaa, kinyozi, mwalimu na yule mama mkwe wake, kila mmoja akataka apewe nafasi, mpaka Breki akaanza kulalamika kuhusu matairi.

Tunapanda Jumatatu. Mama hana viatu, maji yalichukua vyote. Amenituma nimtafutie jozi moja imara, ya kupandia ngazi.